Kidole Kimoja, Waya Mmoja

Mwenye kuhudhuria taarabu ya asili ya Unguja anaijua besi, ile fidla kubwa inayomzidi mpigaji wake kimo. Husimama nyuma ya kanuni, akodiani na fidla ndogo, na aghalabu hadhira haimtazami anayeipiga. Macho yako kwa mwimbaji. Masikio, khasa ya wapenda ushairi, yako kwenye maneno. Lakini anyamaze huyo wa nyuma kwa muda wa ubeti mmoja tu, na wimbo mzima huwa kama jahazi lililotoswa farumi yake. Tanga liko juu, upepo upo, ila chombo kinayumba. Besi ni farumi ya muziki: haionekani, na pasipo nayo hakuna safari.

Kitu kisichoonekana ni kigumu kukipiga picha, na sauti nzito ni ngumu kuirekodi. Mafundi wa santuri walilijua hilo tangu mwanzo. Kabla ya mwaka 1925, sauti ilikusanywa kwa pembe kubwa ya bati iliyotikisa sindano moja kwa moja, bila ya umeme. Pembe hiyo ilizipokea vyema sauti za waimbaji na za tarumbeta, lakini fidla kubwa ilikuwa kama haikuwapo. Ndiyo maana katika santuri nyingi za zama zile kazi ya besi ilipewa tuba, baragumu nene la shaba. Maikrofoni za umeme zilipoingia mwaka 1925, fidla kubwa ilipata kusikika, ila kwa udhaifu. Sababu yake ni ya kimaumbile. Noti ya chini kabisa ya gitaa la besi la nyuzi nne hutetema kama mara 41 kwa sekunde, na wimbi lake hewani lina urefu unaozidi mita 8. Wimbi la ukubwa huo likifungiwa ndani ya chumba kidogo hugonga kuta na kujirudia. Pembeni mwa chumba noti moja hunguruma, na hatua mbili mbele noti hiyo hiyo hupotea. Maikrofoni iliyowekwa mahali pamoja husikia yale tu yanayofika mahali pale.

Mwaka 1951, Leo Fender, fundi wa redio huko California, alitoa gitaa la besi la umeme aliloliita Precision. Lilikuwa la ubao usio na uwazi ndani, lilivaliwa kwa mkanda begani, na shingo yake iligawanywa kwa vijiti vya chuma ili kidole kisikosee noti. Sauti yake haikutoka tumboni mwa ala, kwa kuwa halikuwa na tumbo. Chini ya nyuzi palikuwa na sumaku zilizozungushiwa waya mwembamba. Uzi ukitikisika, umeme mdogo ulizaliwa katika waya ule, ukapelekwa kwenye amplifaya na kutoka kwenye spika. Wanamuziki wa majukwaani walipata nafuu kubwa. Studioni, hata hivyo, wengi waliendelea na mazoea ya fidla: spika iliwekwa chumbani, maikrofoni ikasimamishwa mbele yake. Umeme uligeuzwa hewa, kisha hewa ikageuzwa umeme tena. Na katika safari hiyo ya kwenda na kurudi, chumba kilitia maneno yake, na ngoma za jirani zikajipenyeza bila ya kualikwa.

Jawabu moja la tatizo hili lilipatikana katika nyumba ya kawaida mjini Detroit, kaskazini ya Marekani. Mwaka 1959 Berry Gordy, aliyewahi kuwa bondia na mfanyakazi wa kiwanda cha magari, alikopeshwa dola 800 kutoka mfuko wa akiba wa jamaa zake, akaanzisha kampuni ya santuri iliyokuja kuitwa Motown. Mwaka huo huo alinunua nyumba nambari 2648, barabara ya West Grand Boulevard, ambayo hapo kabla ilikuwa studio ya mpiga picha. Chumba cha nyuma kilifanywa studio ya muziki. Wapigaji walikiita Shimo la Nyoka, kwa ajili ya nyaya zilizoning'inia na kutambaa kila upande. Hakikuwa na ukubwa wa kujivunia. Ngoma, piano, magitaa matatu, besi na matari vilijazana humo, bega kwa bega, na kazi ilifanywa usiku na mchana.

Katika msongamano ule ndimo alimokaa James Jamerson. Alizaliwa tarehe 29 Januari 1936 katika kisiwa cha Edisto, pwani ya South Carolina, miongoni mwa visiwa vya Wagullah, wajukuu wa Waafrika waliofanywa watumwa katika mashamba ya pamba na mpunga, ambao hata leo lugha yao ina maneno yaliyovuka bahari pamoja na mababu. Inasimuliwa kwamba utotoni alichomeka kijiti ardhini, akafunga uzi, akawa anaudonoa kuwachezesha siafu. Kisa hicho, kiwe kilitokea hivyo hivyo au kilipambwa na wasimuliaji, kina maana yake: ala ya kwanza ya mtoto huyo ilikuwa na uzi mmoja, na ardhi ndiyo iliyokuwa tumbo lake. Mwaka 1954 alihamia Detroit kumfuata mama yake. Shuleni alijifunza fidla kubwa, na usiku akawa anapiga jazi katika kumbi za mjini. Alianza kazi za Motown mwaka 1959, na mwanzoni mwa miaka ya 1960 akahamia gitaa la besi la umeme.

Mafundi wa Detroit waliyaangalia mazingira yao na kukata shauri lililo jepesi kulieleza. Ikiwa sauti ya gitaa la umeme tayari ni umeme, na utepe wa kurekodia unataka umeme, kwa nini ipitishwe hewani? Kikwazo kilikuwa kimoja. Umeme utokao kwenye gitaa ni mchovu. Ukipitishwa katika waya mrefu hupoteza ukali wake njiani, na mtambo wa kuchanganyia sauti, uliotengenezwa kwa ajili ya maikrofoni, haukubaliani nao. Dawa yake ni transfoma ndogo, yaani mizinga miwili ya waya iliyozungushiwa chuma kimoja, ambayo huubadili umeme wa gitaa ukafanana na ule wa maikrofoni. Transfoma hiyo ikitiwa ndani ya kijisanduku kinachoenea kiganjani, mpigaji huchomeka waya wake upande mmoja, na upande wa pili waya mwingine huenda moja kwa moja kwenye mtambo. Ed Wolfrum, kijana wa Detroit aliyekuja kuwa fundi mashuhuri wa sauti, alijulikana kwa kutengeneza vijisanduku vya namna hiyo. Mike McLean, fundi mkuu wa Motown, aliujenga mtindo huo ndani ya studio yenyewe, hata magitaa na besi yakawa yanaingia moja kwa moja kwenye mtambo, na wapigaji wakijisikiliza kupitia spika moja kubwa iliyowekwa chumbani.

Hapo chumba kilinyamazishwa. Kuta hazikuwa tena na la kusema juu ya besi, wala ngoma za Benny Benjamin, zilizopigwa hatua chache tu kutoka alipoketi Jamerson, hazikuweza kuingia katika waya wake. Faida hii ilikuwa kubwa kwa sababu nyingine pia. Katika miaka ya mwanzo utepe wa Motown ulikuwa na njia tatu tu, na ala nyingi zililazimika kuchanganywa papo hapo, bila ya nafasi ya kutengua. Mtambo wa njia nane ulikuja katikati ya miaka ya 1960. Palipokuwa hapana nafasi ya kusahihisha, sauti iliyofika ikiwa safi ilikuwa rehema.

Lakini sanduku haliundi sauti. Hupitisha tu iliyokuja. Wengi waliokuja baadaye walilitafuta sanduku lile lile, wakastaajabu kwamba sauti ile ile haikutoka. Walisahau vilivyokuwa upande wa pili wa waya. Jamerson alipiga gitaa la Precision la mwaka 1962. Nyuzi zake zilikuwa nene, zimezungushiwa utepe bapa wa chuma, laini zikiguswa, na hakuzibadilisha ila mmoja ukikatika. Yasemekana aliamini kuwa ule uchafu wa vidole ndio uliohifadhi ladha yake. Nyuzi ziliinuliwa mbali na shingo, kama za fidla kubwa aliyojifunzia, na mkono dhaifu usingeziweza. Chini ya kifuniko cha chuma, karibu na mahali nyuzi zinapofungwa, palikuwa na kipande cha sponji kilichozizuia zisilie kwa muda mrefu. Na nyuzi zote hizo alizidonoa kwa kidole kimoja, cha shahada cha mkono wa kulia, ambacho wenziwe walikipa jina la Ndoana.

Kila kimoja katika vitu hivyo kilikuwa na kazi. Uzi mkuukuu wa utepe bapa hautoi mlio mkali wa juu. Hutoa kiini cha noti. Sponji huifanya noti ianze kwa uzito na kufa upesi, ikaacha upenyo baina yake na ifuatayo. Katika upenyo ule ndimo zilimokaa sauti za waimbaji, matari na fidla. Mtunzi wa mashairi atalielewa jambo hili bila ya kufafanuliwa, kwa kuwa mizani haifanywi na silabi peke yake. Kituo kati ya kipande na kipande nacho kina haki yake, na mwimbaji anayekivuka huliharibu shairi lote. Jamerson alijaza mistari yake noti nyingi za kushtukiza, akatangulia mapigo, akachelewa, akapita katika noti ambazo wengine wasingethubutu. Hata hivyo wimbo haukusongwa, kwa sababu kila noti ilijua wakati wa kuondoka.

Vilevile sauti hiyo ilikubaliana na vyombo vya wasikilizaji. Santuri haistahimili besi isiyo na kiasi. Mfereji ukitikiswa mno, sindano huruka. Na vijana wengi walizisikia nyimbo za Motown katika redio ndogo za mkononi na za magari, ambazo spika zake hazikuweza kutoa noti za chini kabisa. Mlio wa Jamerson, wenye kiini kilichokaza na mwanzo unaogonga, ulisikika hata humo. Katika "My Girl" ya The Temptations, iliyotoka mwishoni mwa mwaka 1964, noti zake chache za mwanzo humtambulisha msikilizaji wimbo kabla ya gitaa kuingia. Katika "Bernadette" ya Four Tops, ya mwaka 1967, besi yake hukimbia kama wimbo wa pili chini ya wimbo wa kwanza, na wala haimkanyagi mwimbaji.

Sifa za besi ya Detroit zilifika Uingereza. Mjini London, Paul McCartney wa The Beatles, ambaye amemtaja Jamerson miongoni mwa waliomwathiri, alitaka kujua kwa nini santuri za Marekani zilikuwa na besi nzito kuliko zao. Studio ya EMI iliyoko Abbey Road ilikuwa na mafundi waliovaa makoti na kanuni zilizoandikwa, mojawapo ikiwa ni hofu ya sindano kuruka. Aprili 1966, walipokuwa wakirekodi "Paperback Writer", mafundi wake, akiwamo Geoff Emerick, walichukua spika kubwa, wakaiunganisha kinyume ili iwe maikrofoni, wakaielekeza kwenye spika ya besi. Ilikuwa hila ya werevu, na sauti ilipatikana. Lakini mwaka uliofuata, wakati wa albamu ya Sgt. Pepper, studio hiyo nayo ilikuwa imekwishaanza kuiingiza besi moja kwa moja kwenye mtambo, kwa kijisanduku cha transfoma kilichotengenezwa na fundi wake Ken Townsend. Waliizunguka nyumba yote, kisha wakaukuta mlango uko wazi.

Njia fupi haikudumu kuwa fupi. Katika miaka ya 1970 njia za utepe ziliongezeka, zikawa 16, kisha 24, na kila nafasi tupu humwita mtu wa kuijaza. Ikawa ada kuirekodi besi mara mbili kwa wakati mmoja: waya kwenye sanduku, na maikrofoni mbele ya spika. Ukifanywa kwa uangalifu, mtindo huu una manufaa yake, kwani amplifaya nzuri huongeza joto na mkwaruzo ambao transfoma haiutoi. Bali una mtego ndani yake. Sauti hewani hutumia takribani elfu tatu za sekunde kukata mita moja, ilhali umeme katika waya hufika papo hapo. Sauti mbili za noti moja zikifika kwa nyakati mbili, baadhi ya mitetemo yake hupingana na kufutana. Fundi husikia besi imekonda, naye badala ya kuondoa kimoja huongeza cha tatu. Wahenga walinena kuwa mshika mbili moja humponyoka. Hapa humponyoka zote mbili. Kwa hiyo kila anayefunza kazi hii kwa ikhlasi huanza na ushauri ule ule wa Detroit: ala iliyosawazishwa noti zake, nyuzi zinazofaa wimbo, mkono ulio tayari, waya mzima na sanduku moja. Hayo yakitimia, mengine yatajulikana kama yanahitajika.

Unyofu huo, hata hivyo, ulikuwa na upande wake wa uchungu, na kisa cha Jamerson hakikamiliki bila ya kuutaja. Waya mfupi humwacha mpigaji uchi. Hapana chumba cha kumpamba wala mtambo wa kumficha. Kinachosikika ni kidole chake. Nyumba iliyouamini mkono kiasi hicho haikuuandika jina. Katika miaka yote ya 1960, santuri za Motown zilitoka zikiwa na majina ya waimbaji, watunzi na watayarishaji. Wapigaji, waliojiita The Funk Brothers, hawakutajwa. Dunia iliucheza muziki wao bila ya kujua ni nani. Albamu ya Marvin Gaye, What's Going On, ya mwaka 1971, ndiyo ya kwanza ya kampuni hiyo kuyaorodhesha majina yao kwenye jalada. Inasimuliwa kwamba Gaye alimtafuta Jamerson katika ukumbi wa usiku ili aje kuupiga wimbo wenye jina la albamu hiyo, akamleta akiwa amelewa hata hawezi kukaa kitini, naye akaupiga akiwa amelala chali sakafuni. Anayeusikiliza wimbo ule hawezi kuisikia sakafu. Husikia mstari unaopumua, mtulivu, wenye huzuni isiyolalamika.

Mwaka 1972 Motown ilihamishia makao yake Los Angeles, na Shimo la Nyoka likafungwa. Jamerson alifuata huko, lakini zama zilikuwa zinageuka. Mtindo mpya ulitaka nyuzi mpya za kung'ara na mlio mkali, na watayarishaji walimwomba abadilishe yaliyokuwa ndiyo sauti yake. Ulevi nao ukamzidi. Machi 1983 kampuni ilipofanya tamasha kubwa la televisheni kuadhimisha miaka yake 25, inasimuliwa kwamba alijinunulia tiketi, akaketi juu, mbali na jukwaa, akiutazama muziki wake ukipigwa na wengine. Gitaa lake la mwaka 1962 liliibwa muda mfupi kabla ya kifo chake. Alifariki tarehe 2 Agosti 1983, akiwa na umri wa miaka 47, akazikwa Detroit.

Baada ya hapo ndipo majina yalipoanza kutafutwa. Mwaka 1989 Allan Slutsky alitoa kitabu cha maisha na mistari ya besi ya Jamerson; mwaka 2000 Jamerson aliingizwa katika Rock and Roll Hall of Fame katika kundi la wapigaji wa nyuma ya waimbaji; na mwaka 2002 filamu ya Standing in the Shadows of Motown iliwapandisha jukwaani wenziwe waliosalia. Lakini kuchelewa kuna gharama. Kwa kuwa hapakuandikwa wakati wake nani alipiga nini, ubishi ulizuka baina ya wa Detroit na wa Los Angeles juu ya baadhi ya nyimbo, kila upande ukidai. Hata katika What's Going On wapenzi wengi humpa Jamerson kila noti, ilhali "Mercy Mercy Me" na "Inner City Blues" zilipigwa na Bob Babbitt, aliyeshirikiana naye kazi hiyo tangu mwishoni mwa miaka ya 1960. Asiyetajwa hupoteza haki yake, na mwenziwe asiyetajwa hupoteza pamoja naye.

Nyumba ya West Grand Boulevard sasa ni makumbusho, yaliyoanzishwa mwaka 1985 na Esther Gordy Edwards, dada yake Berry Gordy, na wageni huingia katika chumba kile kidogo na kustaajabu kwamba ndicho. Mafundi wake walifahamu jambo ambalo wengi huchukua umri mzima kulifahamu, kwamba kati ya kidole na utepe kila kisichohitajika ni kizuizi. Waliondoa chumba, wakaondoa spika, wakaondoa maikrofoni, wakabaki na waya na sanduku dogo. Chombo kimoja tu, kilicho chepesi kuliko vyote hivyo na cha bei ndogo, hawakukitumia kwa miaka 12, nacho ni kalamu ya kuandika jina la aliyepiga. Na huku kwetu pwani, ambako mwenye besi angali anasimama nyuma ya fidla na kanuni, kila kanda inayorekodiwa leo inaweza kuanza na kalamu hiyo.